Kuingia Tangini, Shimoni na Kwenye Silo: Mwongozo Kamili kwa Mafundi na Wasimamizi wa Malindi

Nafasi finyu ni mahali penye mlango mdogo, hewa isiyopita yenyewe, na palipojengwa kuhifadhi kitu, si mtu kukaa. Malindi ina nyingi. Hoteli za Silversands na Casuarina zina mashimo ya maji taka na matangi ya maji chini ya ua. Viwanda vya chumvi, kuanzia Gongoni hadi Marereni, vina hopa (mapipa makubwa yanayomwagia chini), silo (maghala marefu ya kuhifadhia) na mashimo ya pampu ya maji ya bahari. Mitambo ya barafu ina vyumba vya amonia, gesi ya kupozea. Hata ngama (chumba cha chini) ya jahazi lililolala wiki mbili na mabaki ya samaki ni nafasi finyu, ingawa nahodha hataiita hivyo.

Ajali za kazi hii zina tabia moja mbaya: mara nyingi haziui mtu mmoja tu. Wa kwanza anaanguka, wa pili anaruka kumtoa, wa tatu anafuata. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika nafasi hizi walikuwa waokoaji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kumtoa mtu bila mwingine kuingia. Hilo hupangwa kabla mfuniko haujainuliwa. Likiachwa hadi mtu ameshaanguka, limechelewa.

Kinachoua, na kwa nini pwani hatari inazidi

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5, mtu haingii. Ikifika kama 16 akili inaanza kupotea, na karibu na 10 mtu anazimia bila hata kuhisi amekosa pumzi. Kinachofanya mwili uhangaike kutafuta hewa hasa ni wingi wa kaboni dioksaidi mwilini. Uhaba wa oksijeni wenyewe hauna kengele kali. Tangi la chuma lililofungwa likiwa na unyevu hupoteza oksijeni kwa kutu tu, kwa sababu kutu hutengenezwa kwa oksijeni hiyo hiyo. Katika hewa ya chumvi ya pwani kutu haisubiri.

Muuaji mkubwa wa mashimo ya maji taka ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo sana pua inainasa. Ikifika kama ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni) pua inakufa ganzi, na fundi husema "harufu imeisha, shimo limesafika" wakati ndipo hatari imezidi. Kwenye ppm 500 hadi 700 mtu anaanguka ndani ya dakika chache. Ikipita 1,000, pumzi moja au mbili zinatosha. Ni nzito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini.

Hapa ndipo mahali penyewe panapoongeza hatari. Bakteria wa tope hutengeneza gesi hii kutokana na salfeti, na maji ya bahari yana salfeti kama miligramu 2,700 kwa lita. Nyumba inayotumia kisima chenye maji ya chumvi chooni, au shimo linalopenyezwa na bahari wakati wa bamvua (maji makuu), lina chakula kingi cha bakteria hao. Shimo la pampu ya kiwanda cha chumvi lenye mwani uliooza ni vivyo hivyo, hata kama halijawahi kuona kinyesi. Usilidharau kwa kuwa ni "maji ya bahari tu".

Methani ni nyepesi kuliko hewa na hujikusanya juu, chini ya mfuniko. Inawaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Sigara, cheche ya nyundo, au simu inayoita vyatosha.

Kaboni monoksaidi huletwa na sisi wenyewe. Fundi anayechimbua kisima huteremsha pampu ya petroli chini ili ivute vizuri, na moshi wake unamuua. Injini ya mafuta haiteremshwi kisimani wala tangini, hata kwa dakika tano. Tumia pampu ya umeme ya kuzamishwa, na jenereta ikae mbali.

Kaboni dioksaidi inasahaulika, nayo ina njia yake ya kipekee hapa. Visima na mashimo mengi yamechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Ukimwaga asidi kuyeyusha uchafu, asidi inakula mwamba na kutoa kaboni dioksaidi inayojaa chini kama maji. Asidi hiyo hiyo ikigusa tope inatoa haidrojeni salfaidi kwa mkupuo, na ikikutana na dawa ya klorini inatoa gesi ya klorini. Basi asidi haimwagwi kwenye shimo lolote ambalo mtu ataingia.

Kwanza: lazima aingie mtu?

Mara nyingi jibu ni hapana. Lori la kunyonya linavuta tope kutoka juu. Maji ya presha yenye mpini mrefu huosha kuta. Pampu ya kuzamishwa ikifungwa mnyororo na kuwekwa kwenye reli, hutolewa kwa matengenezo bila mtu kushuka. Anayejenga shimo jipya afunge reli hizo tangu mwanzo, maana gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na kazi ya kila mwaka ya kumteremsha mtu. Kutazama nyufa, funga simu kwenye mti pamoja na tochi, rekodi video, uvute. Ila kwenye shimo la maji taka pima methani kwanza. Simu si kifaa cha kuzuia cheche.

Ikiwa kazi haiwezekani ila kwa kuingia, endelea na hatua zinazofuata zote, kwa mpangilio wake.

Watu na kibali

Wanahitajika watatu kwa uchache: anayeingia, mlinzi wa mdomo (anayekaa juu kwenye tundu la kuingilia), na msimamizi anayetia saini. Mlinzi wa mdomo hana kazi nyingine. Hatumwi sigara, hapokei saruji, hashiki simu ya bosi, na hata iweje haingii. Kijana mwenye damu moto au ndugu wa anayeingia hafai kwa kazi hii. Mtu akiona kaka yake amelala chini, kanuni zote zinamtoka.

Kibali ni karatasi moja inayotaja shimo lipi, kazi gani, majina, saa ya kuanza na kumaliza, vali zilizofungwa, vipimo vya gesi na saa yake, vifaa vya uokoaji vilivyopo mdomoni, na saini. Kinafaa kwa zamu moja tu. Kazi ikibadilika, kwa mfano waliingia kufagia sasa wanataka kuchomelea, kibali kinakufa na kingine kinaandikwa. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri jukumu la usalama wa kazi hizi, na kibarua wa siku moja anahesabika. "Nilimpa kandarasi" si kinga.

Kufunga kila kinachoweza kuingia

Zima swichi kuu ya pampu au skrubu ya kusafirishia chumvi, weka kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayeingia. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kuhakikisha haiwaki. Hatua hii ya mwisho huachwa sana, na ndiyo inayofichua swichi iliyofungwa si ya mashine hiyo.

Vali moja iliyofungwa haitoshi kwa bomba la majimaji hatari, mvuke au gesi, kwani vali za pwani huvuja kwa kutu. Fungua bomba kwenye flanji (kiungo chake cha boliti) na uweke bamba zima lisilo na tundu, au funga vali mbili na ufungue ya kumwaga iliyo katikati yao. Kwa shimo la hoteli, funga vyoo vinavyoelekea huko na ubandike tangazo. Ukimtegemea mhudumu wa mapokezi awakumbushe wageni, mtu wa chini ataoga.

Kupima

Unahitaji kipima gesi nne: oksijeni, gesi zinazowaka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Taa ya chemni au mshumaa ulioteremshwa kisimani si kipimo. Mwali unazimika oksijeni ikifika kama 16 au 17, yaani umechelewa, hauoni haidrojeni salfaidi kabisa, na ukikutana na methani unalipua shimo. Kuku aliyefungwa kamba naye hakwambii kiwango.

Kiwashe kipima mbali na shimo, upande unakotoka upepo, mbali na jenereta. Vipima vingi hujisawazisha vinapowashwa: hewa inayokizunguka wakati huo ndiyo kinayoichukulia kuwa safi. Ukikiwasha juu ya mdomo ulio wazi, umekifundisha uongo. Kisha kijaribu kwa gesi ya majaribio kutoka mtungi mdogo, kila siku ya kazi, uone kengele zote zinalia. Dawa za kung'arisha zenye silikoni huua kihisi cha gesi zinazowaka bila kukuonyesha dalili. Kipima kilicholala kwenye gari linalong'arishwa kwa dawa hizo kinaweza kusoma sifuri ndani ya methani tupu.

Pima kabla ya kuinua mfuniko wote, kwa kupitisha mpira wa kunyonyea kwenye tundu au upenyo. Halafu fungua na upime kwa ngazi: sentimita 30 chini ya mdomo, kisha kila mita 1.2, hadi juu kidogo ya tope. Fimbo iliyotiwa alama husaidia, na ncha ya mpira iwe na chujio isinyonye maji. Hesabu sekunde 3 kwa kila mita ya mpira, kisha ongeza dakika moja ya kihisi kutulia. Kwa mpira wa mita 6, subiri karibu dakika moja na nusu kila ngazi. Anayechovya na kuchomoa hajapima kitu.

Soma kwa mpangilio huu: oksijeni kwanza, kwa sababu kihisi cha kawaida cha gesi zinazowaka kinahitaji oksijeni ili kisome sawasawa, pili gesi zinazowaka, tatu sumu. Ruhusa ya kuingia ni hii:

- Oksijeni kati ya asilimia 19.5 na 23.5
- Gesi zinazowaka chini ya asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kuwaka (kwa methani, hiyo ni asilimia 0.5 ya hewa)
- Haidrojeni salfaidi chini ya ppm 10
- Kaboni monoksaidi chini ya ppm 35

Lakini usijifiche nyuma ya 19.5. Oksijeni ikisoma 20.2 badala ya 20.9, uliza ile 0.7 imekwenda wapi. Hewa ni oksijeni moja kwa tano, kwa hiyo upungufu huo unaweza kumaanisha karibu asilimia 3.4 ya gesi nyingine imeingia. Ikiwa ni kaboni dioksaidi, ambayo kipima gesi nne cha kawaida hakiioni, hiyo ni karibu na kiwango cha asilimia 4 kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Kwa kisima cha mwamba wa matumbawe, tafuta kipima chenye kihisi cha kaboni dioksaidi au pepea hadi usome 20.9 kamili.

Kupepea

Fungua mifuniko yote dakika 30 kabla. Kisha puliza hewa safi ndani kwa feni yenye mpira mpana, ncha yake ikae karibu nusu mita juu ya tope, upande wa mbali na mdomo. Ncha ikiachwa juu, hewa inaingia na kutoka pale pale, chini hakubadiliki kitu.

Muda unahesabika: ujazo wa tangi kwa mita za ujazo, mara 7.5, gawanya kwa mita za ujazo za hewa ya feni kwa dakika. Tangi la mita 4 kwa 3 kwa 2.5 ni mita za ujazo 30. Feni iliyoandikwa mita za ujazo 25 kwa dakika, ikiwa na mpira mrefu wenye kona mbili, ihesabu kama 12. Jibu ni 30 × 7.5 ÷ 12, karibu dakika 19. Pima tena. Feni haizimwi hadi mtu wa mwisho atoke.

Mdomo wa feni unaovuta hewa ukae upande unakotoka upepo. Msimu wa kusi jenereta na lori la kunyonya vikae kaskazini ya shimo; kaskazi ikivuma, geuza. Inaonekana jambo dogo, ila feni inayovuta moshi wa jenereta inamjaza mwenzako kaboni monoksaidi kwa bidii. Na kamwe usipulize oksijeni ya mtungi wa kuchomelea: nguo huwaka kwa cheche ndogo hewa ikizidi oksijeni.

Barakoa ya kitambaa, ya vumbi, hata ile yenye vichujio viwili, haiongezi oksijeni. Ikiwa hewa haikubali kusafika, anayeingia avae kifaa cha kupumulia chenye mtungi wa hewa, naye awe amefunzwa. Mtungi wa lita 6 wenye shinikizo la baa 300 una lita 1,800 za hewa hivi. Kwa kazi nzito, ukiacha akiba, panga kwa nusu saa tu. Na hakikisha kabla kwamba mtu mwenye mtungi mgongoni anapita kwenye mdomo wa sentimita 60. Wengi hawapiti.

Kuingia na kufanya kazi

Anayeingia avae mkanda wa mwili mzima, na kamba ya winchi ifungwe kwenye pete ya mgongoni kati ya mabega, ili akivutwa aning'inie wima na apite mdomoni. Mkanda wa kiunoni unamkunja mtu katikati na kumkwamisha. Winchi ikae kwenye tripodi (miguu mitatu) ya chuma juu ya mdomo. Kamba mkononi bila winchi ni mapambo: wanaume wawili hawawezi kumvuta wima mtu wa kilo 80 aliyelegea, hasa kamba ikiwa na tope.

Kipima kivaliwe kifuani, si mfukoni, kikiwa kinasoma muda wote. Sababu ni tope. Tope lililotulia linaweza kusoma sifuri. Mguu wa kwanza ukilivuruga, haidrojeni salfaidi iliyonaswa inafumka kama soda iliyotikiswa. Kwa hiyo vuruga tope kwa mti mrefu kutoka juu, subiri, pima tena, ndipo mtu ashuke.

Taa ziwe za volti 12 au 24, na kwenye maji taka ziwe za aina isiyotoa cheche. Vifaa vya umeme wa kawaida vipite kwenye kinga inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Anayepaka rangi ya epoksi au lami ndani ya tangi ajue mvuke wake ni mzito na unawaka kwa kiwango kidogo kuliko methani. Avute hewa kutoka chini badala ya kupuliza tu, kwa feni isiyotoa cheche.

Mlinzi aite kila dakika mbili: "Kwema?" Jibu ni "Kwema", kwa sauti na haraka. Jibu likichelewa, likikokoteka, au mtu akicheka ovyo, mtoe. Usimuulize kama anajisikia vibaya. Ubongo uliokosa oksijeni hujiona mzima.

Joto la Malindi linahitaji ratiba yake. Anza alfajiri, zamu za dakika 20 ndani, mapumziko kivulini, maji kila akitoka. Baada ya kila mapumziko, pima upya kabla ya kurudi, hata kama ni chai ya robo saa.

Mtu akianguka

Mlinzi anapiga kelele, anazungusha winchi, na mwenzake anapiga 999 au 112. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi bila oksijeni, kwa hiyo anayeweza kumwokoa ni winchi iliyo tayari. Hata msaada wa jirani sana utakuwa njiani bado. Zoezi lifanyike kabla ya kazi: funga gunia la mchanga la kilo 75, literemshe, livute, pima muda. Likikwama mdomoni, afadhali limekwama gunia kuliko mtu.

Akikwama chini, ongeza hewa ya feni na umwachie mwenye mtungi wa hewa aliyefunzwa. Hakuna mwingine anayeshuka. Mlinzi azuie kwa mwili wake ikibidi, maana jamaa watakuja mbio.

Akishatoka, mpeleke kwenye upepo, mvue nguo zenye tope. Kama hapumui, bonyeza kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa aliyevuta haidrojeni salfaidi usimpulizie mdomo kwa mdomo. Tumia mfuko wa kupumulia kama upo, la sivyo endelea kubonyeza. Aliyezimia kisha akaamka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Silo na hopa za chumvi

Hapa muuaji si gesi. Chumvi ikivuta unyevu hujenga daraja: juu inaonekana imara, chini kuna pango lililoachwa na skrubu. Anayesimama juu kuivunja kwa koleo anatumbukia nayo. Daraja huvunjwa kutoka nje kwa nondo ndefu au kwa kugonga ukuta, skrubu ikiwa na kufuli. Aliyezama hadi kifuani asivutwe kwa winchi, atavunjika. Zuia chumvi isizidi kumiminika, mzungushie mbao au mabati yaliyokatwa, kisha chota chumvi iliyo ndani ya mzunguko huo hadi alegee.

Chumba cha amonia

Harufu hukuwahi, lakini kwenye ppm 300 tayari ni hatari kwa maisha. Amonia ni nyepesi, ila ikivuja ikiwa baridi na unyevu hutambaa sakafuni kama ukungu. Kimbia ukikata upepo kwa ubavu, si kwa kufuata unakoelekea.

Kufunga kazi

Hesabu watu, kisha vifaa, kabla mfuniko haujarudi. Spana iliyosahaulika ndiyo inayomrudisha mtu ndani jioni bila kibali, bila feni, "mara moja tu". Kila mmoja aondoe kufuli lake mwenyewe. Mfuniko uliovunjika ubadilishwe siku hiyo, wala usifunikwe kwa bati. Watoto hukanyaga bati. Karatasi ya kibali na vipimo ihifadhiwe, kwa sababu vipimo vya mwaka huu ndivyo vitakavyoonyesha mwakani kama shimo limezidi kutoa gesi. Ikitokea kifo, sheria inataka afisa wa usalama kazini wa eneo aarifiwe ndani ya saa 24 na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Mahali pa ajali paachwe jinsi palivyo hadi akague.